Kipande cha Kikwembe Chekundu

Edith alisema atapiga magoti. Tuanzie hapo, maana watu wa familia ile ni wepesi wa kusahau, na Edith mwenyewe ndiye wa kwanza. Alisema mchana kweupe, mkono mmoja kiunoni, kidole cha mkono wa pili kikimlenga Mapalo kifuani: "Siku ile alama itatoka ku uso ya huyu mutoto bila weye kulomba pardon, miye Edith njo nitapiga magoti mbele yako. Mu vumbi. Bantu bote baone!" Watu kumi na wanne walisikia. Mapalo aliwahesabu mmoja mmoja, na hakumsahau hata mjomba aliyekuwa anasinzia.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Walikuwa wanamsema Mapalo, ila tu hawakumjua jina.

Mapalo ni msusi. Kibanda chake kiko mlangoni mwa parcelle yao, yaani kiwanja chao, kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi: bati juu, kioo kimoja chenye ufa, meza ya vitana, mafuta na rangi za midomo. Mumewe Sylvain ni fundi wa magari, mtu mpole, mpole mpaka anakera. Na Edith ni dada mkubwa wa Sylvain, yaani wifi yake Mapalo, au mulamu, kama tunavyosema huku. Edith anakaa Karavia, mtaa wa wakubwa, nyumba ya vigae na geti la chuma, na maneno yake hufika mahali kabla ya gari lake.

Chanzo cha yote ni kikwembe, yaani kitenge. Kikwembe chekundu, waksi halisi, chekundu cha kuumiza macho, ambacho mume wa Edith alimletea kutoka safarini. Mapalo alikuwa na mimba ya miezi saba, ndoa ya binamu yao Nono imekaribia, na tumbo limeshinda nguo zote sandukuni. Akaenda Karavia, akaomba aazimwe kile kikwembe siku moja tu. Edith alicheka. "Aka! Kikwembe kama hii, ku tumbo ya vile? Utanipasulia!" Alisema mbele ya mfanyakazi wake wa nyumbani na mbele ya jirani aliyekuja kuomba chumvi. Mapalo akacheka naye, kama mtu anavyocheka akikanyagwa na mkubwa wake, kisha akarudi Katuba. Na tusidanganyane: alikitamani kikwembe kile. Alikitamani mpaka akakiota. Hilo hakumwambia mtu, hata Sylvain.

Mtoto akazaliwa, msichana, wakamwita Abigaïl. Wiki ya tatu kikatokea kidoa chekundu kwenye shavu la kushoto, ungesema ni mbu. Mwezi wa pili kidoa kikavimba, kikainuka, kikaiva kama nyanya. Siku ya kupima uzito wa watoto kwenye kituo cha afya, Edith alikuwa amemsindikiza, maana hupenda aonekane akisindikiza watu. Mapalo akamwonyesha muuguzi lile shavu. Muuguzi alikuwa mzee, na mbele yake kulikuwa na watoto arobaini wanaolia kwa pamoja. Akatupa jicho mara moja. "Ile ni envie, madame. Iko inatokea ku batoto. Mwingine!"

Sasa sikilizeni vizuri. Kwa Kifaransa cha wazee wale waliosomeshwa na masista, alama yoyote ya mtoto mchanga huitwa envie. Ni neno tu, halina kosa. Lakini hapa Lubumbashi nani asiyejua envie? Ukiwa na hamu ya samaki, uko na envie. Ukimwonea mwenzako wivu, hiyo nayo ni envie. Muuguzi alisema moja, Edith akasikia nyingine, ile ambayo masikio yake yalikuwa yanaingoja.

"Envie!" akapiga makofi pale pale kwenye foleni, na akina mama wote wakageuka. "Envie ya kikwembe yangu! Nyekundu na nyekundu! Mapalo, wivu yako ulitia mu damu ya mutoto ya ndugu yangu!"

Mapalo alitaka kukana. Akaikumbuka ile ndoto. Ukisingiziwa uongo mtupu unapiga kelele mpaka mtaa wa tatu; ukisingiziwa jambo lenye chembe ya kweli ndani, unanyamaza, na kimya chako kinachemka. Muuguzi alikuwa ameshamweka mtoto mwingine kwenye mizani.

Habari ikazunguka familia nzima kabla ya jua kuzama. Nono, aliyekuwa ameshika mimba mara tu baada ya ndoa, akaambiwa asithubutu kumpa Mapalo kichwa chake asuke, asije akamtia alama mtoto aliye tumboni. Kwenye matanga, Mapalo akiingia jikoni, wanawake walivuta masufuria upande wao. Watoto wa familia wakampa Abigaïl jina. Envie analia. Envie amejikojolea. Mtoto ana jina zuri la ubatizo, limeandikwa parokiani, lakini utasikia tu Envie, Envie, kama wanamwita kuku. Kila mara Mapalo alimeza. Ameze mpaka lini?

Aliyemwokoa ni Daktari Ngosa, mwanamke kijana, mnene, wa hospitali moja upande wa barabara ya kwenda Kipushi. Alimweka mtoto mapajani, akalitazama lile shavu dakika nzima, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya mpaka siku ile.

"Hii tunaita angiome," alisema. "Ni mishipa kidogo-kidogo ya damu ilikutana fasi moja. Haimuumize, haiambukize, na haitoke ku kikwembe ya muntu. Mama, weye haukukosa kintu."

Mapalo akalia, makamasi na machozi pamoja, mpaka mtoto akamshangaa. Daktari akamngoja amalize, kisha akampa masharti. Alama itakua mpaka mtoto akaribie mwaka mmoja, asiogope. Baadaye katikati itaanza kupauka, itanywea pole pole, na kwenye miaka mitano au sita mara nyingi kinabaki kivuli tu. Ingekuwa karibu na jicho au mdomo, ziko dawa. Hapa shavuni, chini, iachwe. Isipakwe majivu, wala majani, wala dawa ya meno. Kucha za mtoto ziwe fupi. Isisuguliwe hata kidogo, na ikitoka damu, ibonyezwe na kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia.

"Na kila mwezi umupige picha," akaongeza. "Fasi moja, mwangaza moja, na kintu kidogo pembeni ya kupimia. Ju macho ya mama inadanganyaka. Picha haidanganye."

Nje ya hospitali Mapalo alinunua sucré, chupa ya soda baridi, atulize roho. Kizibo chake akakitia kwenye pochi. Kikawa ndicho kipimo.

Basi, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya misa, Mapalo alikiweka kigoda karibu na mlango, akamnawisha mtoto uso kwa maji ya uvuguvugu, akaweka kizibo kando ya shavu, akapiga picha kwa simu. Mwezi wa tatu kizibo kilikuwa kikubwa kuliko alama. Mwezi wa sita vikalingana. Mwezi wa nane alama ikakishinda kizibo, ikawa inaonekana mtu akiwa ng'ambo ya barabara, na ndipo Edith alipoona wakati wake umefika.

Aliwakusanya watu kumi na wanne, akawaleta Katuba kwenye parcelle ya Mapalo bila kuomba ruhusa, na mjomba Léonard, mkubwa wa ukoo, mbele. Mkononi alishika kipande cha kikwembe chekundu, upana wa kiganja. Alikuwa amekikata pembeni mwa kile kikwembe chake, na akahakikisha kila mtu anajua uchungu wa makasi yale.

"Envie inatulizwa na kile kintu muntu alitamani," akawaambia. "Tunasugua na kikwembe pa ile fasi, inapotea. Lakini mwenye kutamani apige magoti kwanza, alombe pardon na mikono mbili."

Sylvain akamsogelea mkewe sikioni. "Kubali tu, Mapalo. Yaishe."

Yaishe! Mwanamume akisema yaishe, jua kwamba magoti yanayotakiwa si yake.

"Daktari alisema isisuguliwe," Mapalo akajibu kwa sauti, wote wasikie.

"Daktari yako alizaa wangapi?" Na kabla mtu hajasema neno, Edith akamnyakua mtoto mkononi mwa mama yake, akalisugua lile shavu kwa kipande kile, mara moja, mara mbili, mara tatu, kama anasugua sufuria iliyoungua. Abigaïl akapiga yowe. Damu ikatoka.

Mapalo hakumpiga. Watu walisema baadaye kwamba angempiga ingekuwa afadhali. Alimvuta mtoto, akakipokonya kile kipande, akakitupa begani, akachukua nepi safi kwenye kamba, akabonyeza. Akaketi chini na simu mbele yake, akihesabu dakika zile kumi. Zilipokwisha, akainua macho.

"Itatoka yenyewe," akasema. "Bila kikwembe yako, bila magoti yangu."

Hapo ndipo Edith aliposema lile neno lake la magoti na vumbi.

Walipoondoka, Mapalo alikikunjua kile kipande. Damu ya mwanawe ilikuwa imekauka juu ya wekundu, doa jeusi. Sylvain akasema kitupwe. Mapalo akakitia kwenye mkebe mtupu wa maziwa, akakandamiza kifuniko, akauweka mkebe juu ya kabati ambako mkono wa mwingine haufiki. "Ile ni ya siku yake," akasema.

Mtoto akafikisha mwaka na miezi miwili. Katikati ya alama pakatokea weupe, kama majivu juu ya kaa la moto. Mapalo alipouona kwenye picha, alipiga vigelegele peke yake chumbani mpaka mteja kibandani akauliza kumezaliwa nani. Dawa ya moto ni moto, wanasema, lakini Mapalo alikuwa amepata dawa nyingine: kungoja. Alingoja kwa meno. Usiku na mchana, akisuka rasta, akimenya mihogo, akisali rozari, Mungu amsamehe, alikuwa anamwona Edith chini, goti la kulia, goti la kushoto, vumbi la Katuba kwenye vigimbi vile vilivyozoea kapeti. Ilimshibisha kuliko bukari, ugali wetu wa huku.

Na siku ya picha alikuwa mtu mwingine kabisa. Siku nyingine zote Abigaïl aliambiwa toka kwenye mwanga, nenda kacheze, huoni nina kichwa cha watu mkononi? Jumapili ya kwanza alikalishwa kigodani kama mtoto wa mfalme. Maji ya uvuguvugu, kidole chini ya kidevu, "Geuka kidogo, mama yangu. Hapo hapo. Muzuri!" Kisha wote wawili walikuwa wanaitazama simu, vichwa vimegusana, na mama anacheka. "Unaona? Inakimbia. Hii tutamuonyesha tantine Edith." Mtoto hakujua tantine Edith, shangazi yake, ana nini. Alijua tu kwamba kizibo kikitoka kwenye pochi, mama anakuwa mtamu.

Miaka mitatu, alama ikawa nusu ya kizibo. Miaka minne, kivuli. Miaka minne na nusu, mpaka ulitafute jua ndipo ulione kovu dogo, laini. Daktari Ngosa alicheka, akasema hana kazi tena hapa, na picha sasa basi.

Basi? Mapalo hakuwa ameanza! Siku ile ile, njiani, alinunua sparadrap, zile plasta za kahawia, akabandika moja juu ya shavu lile zima lisilo na kitu. Edith hakumwona mtoto kwa karibu tangu siku ya kikwembe, na Mapalo alitaka iwe hivyo hivyo. Akienda kilioni, plasta. Akienda ubatizo wa mtoto wa pili wa Nono, plasta. Watu wa familia wakionana naye wanatikisa vichwa: pole, bado iko? "Bado," anajibu, macho chini, na tumboni anacheka. Picha nazo hakuacha. Kila mwezi anabandua plasta, anapiga picha ya shavu tupu na kizibo, anabandika tena.

"Alama ilishatoka," Sylvain alimwambia siku moja, na safari hii upole ulikuwa umempungukia. "Unafunika nini ku uso ya mutoto?"

"Ninafunika magoti ya dada yako," Mapalo akajibu.

Abigaïl alikuwa ameketi pale pale, anakula mkate.

Siku ikafika mwezi wa saba, kiangazi, vumbi limetulia juu ya kila jani. Abigaïl alikuwa anamaliza shule ya watoto wadogo, na mwajua proclamation, mahafali ya huku, ilivyo: hata akiwa wa miaka mitano, mtoto huvalishwa joho na kofia, akirudi nyumbani familia inammwagia poudre, poda nyeupe, kichwani na usoni, ngoma inapigwa, mtaa unajaa. Na desturi ya familia yao, mwenye kufungua poudre ni shangazi. Kwa hiyo Mapalo alimtuma Sylvain Karavia kwa heshima zote: dada yetu, bila wewe hatuwezi kuanza. Akawaalika na wale wengine. Wawili walikuwa wamefariki. Akawaalika watoto wao. Alichapisha picha kumi na mbili mjini, akazibandika kwenye ubao mkubwa, tangu nyanya hadi shavu tupu, akaufunika kwa shuka. Akaushusha mkebe wa maziwa. Akamwelekeza Sylvain asimame wapi na simu. "Akipiga magoti, piga picha. Moja tu. Ile njo ya mwisho."

Asubuhi yake, akimfunga mtoto vibanio, alimwambia, "Leo tunatoa hii plasta. Mbele ya bantu bote. Na picha tunamaliza."

"Picha zinaisha?" Abigaïl akauliza.

"Zinaisha. Alama haiko tena, tutapima nini? Kaa sawa, nisikuvute nywele."

Mtoto akakaa sawa.

Wakaja. Edith alishuka garini amevaa nini? Kikwembe chekundu, kile kile, amekifunga kwa ustadi pembe iliyokatwa isionekane. Mapalo alipokiona moyo wake uliruka kwa furaha. Mungu akitaka kukupa, hukupa na mapambo. Watu wakala, wakanywa, watoto wakazagaa, Abigaïl na joho lake akapotelea upande wa kibanda cha kusukia na kurudi. Kisha Edith akasimama na kopo la poudre, akaita, "Basi, huyu Envie wetu iko wapi?"

Ilikuwa zawadi. Mapalo hakutegemea hata hiyo.

"Ngoja kwanza, mulamu," akasema, akamshika Abigaïl mkono, akamweka katikati ya uwanja. Ngoma ikanyamaza. "Kuna neno lilisemwa pa hii fasi. Bantu kumi na bane balisikia. Mujomba Léonard alikuwa pale. Alisema nani atapiga magoti?"

Mzee Léonard, aliyekuwa anasinzia tena, akafumbua macho. "Edith," akasema. "Kama alama itatoka."

"Merci, mujomba." Mapalo akaivuta shuka. Picha kumi na mbili zikatokea, watu wakasogea, wakanong'ona. Nono, mtoto mgongoni, akahesabu vizibo kwa kidole. Edith aliutazama ubao, rangi ikamtoka usoni. Miaka mitano ya Mapalo ilikuwa pale, kwenye uso ule uliolegea. Mapalo akainama, akashika ncha ya plasta, akaibandua kwa mkono mmoja, na macho yake hayakuwa kwa mtoto, yalikuwa kwa Edith.

Edith akacheka.

Mapalo akageuka. Shavuni pa mwanawe palikuwa na alama nyekundu, ya duara, kubwa kama kizibo.

"Yoo!" watu wakasema. Edith akapiga paja. "Envie haidanganye! Mapalo, unabandika ba picha ya mutoto mwingine, unaleta bongo, uongo mutupu, mbele ya famille!" Kicheko chake kikapanda, na wengine wakaanza kumfuata, kwanza kwa woga.

Kilichompata Mapalo hakina jina. Masikio yaliziba. Mkono wake uliingia kwenye mkebe, maana mkebe ndio uliokuwa karibu, ukatoka na kitambaa, na akalishika lile shavu akalisugua. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Rangi ikaanza kupaka pembeni. "Ni bongo! Muone! Inatoka! Muone!" Akasugua kwa nguvu zaidi, mkono wa pili umeikamata shingo ya mtoto nyuma ili asitoroke.

"Mama, inauma! Mama! Ni rouge! Ni rouge ya mu meza yako!"

Mkono ukasimama.

"Nilitia miye, chini ya plasta," Abigaïl akasema, akilia. "Sababu ya picha. Ulisema alama haiko tena, picha zinaisha. Nikairudisha."

Mapalo alitazama alichoshika. Kilikuwa kipande cha upana wa kiganja, chekundu, chenye doa jeusi la zamani katikati, na juu ya doa la zamani sasa kulikuwa na rangi mpya ya midomo. Kitambaa kile kile. Shavu lile lile. Miezi yote hii alikuwa amelificha shavu zima la mtoto kana kwamba ni bovu, na sasa mtoto naye alikuwa amesadiki.

Nono ndiye aliyesogea, akainama, akalitazama shavu lililochubuka. "Haiko," akasema taratibu. "Ni ngozi tu. Alama haiko."

"Edith," akasema mzee Léonard. "Ulisema."

Edith akatazama huku na huku, akitafuta wa kumtetea, hakupata. Alikuwa na makosa yote duniani yule mwanamke, lakini mbele ya mjomba wake hakuwahi kuvunja neno. Akaliweka kopo la poudre chini. Akakusanya kikwembe chake, akakiachia, maana hakuna namna ya kupiga magoti na kukinusuru kikwembe kwa pamoja. Goti la kulia. Goti la kushoto. Vumbi likapanda mpaka kiunoni. "Mapalo," akasema, na sauti haikuwa ya Karavia tena, "pardon. Na weye, mutoto. Abigaïl. Pardon."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa jina lile kutoka kinywani mwake.

Ndiyo ile siku sasa. Ndivyo ilivyokuwa kwenye ndoto, goti kwa goti, vumbi kwa vumbi. Na Abigaïl, shavu linamwaka, kamasi zinamtoka, alikuwa anatafuta mahali pa kujificha. Alimtazama mama yake, akaona kitambaa bado kiko mkononi, akarudi nyuma hatua mbili. Watu wazima wote walikuwa wamesimama, warefu, nyuso zao juu huko. Uso mmoja tu ulikuwa chini, sawa na wake. Akaukimbilia. Akamrukia Edith shingoni, akaficha shavu lake begani pake, na Edith, ambaye hakuwahi kumbeba tangu ile siku ya damu, akaganda kwanza, kisha akamfumbata.

Sylvain alikuwa amesimama pale alipoelekezwa. Akapiga picha, kama alivyoagizwa, moja tu.

Picha ile iko bado kwenye simu ya Mapalo, ya mwisho kabisa, baada ya zile zote zenye kizibo. Hajaifuta na hajamwonyesha mtu. Ndani yake yumo mwanamke aliyepiga magoti vumbini na mtoto mwenye joho amemng'ang'ania shingoni. Juu yao amesimama mwanamke mwingine, ameshika kitambaa chekundu. Mtu asiyejua habari akiiona, ataanza kwa kuuliza huyu mtoto amemkosea nini yule aliyesimama.